Koo halipati nguvu kwa kukomazwa

«Yambo Daktari. Nina miaka 36. Nafundisha darasa la nne huku Katuba, hapa Lubumbashi, watoto 64 chini ya mabati, na jioni mbili kwa juma pamoja na Jumapili ninaimba sauti ya kwanza katika korali ya parokia. Julai na Agosti niliimba bila taabu. Tangu shule ilipofunguliwa Septemba sauti inakauka, na hii ni wiki ya saba. Asubuhi iko, saa sita inakwaruza, na ikifika Alhamisi jioni noti za juu hazitoki mpaka nizisukume. Maestro anasema sauti yangu ni ndogo, nitie nguvu ya tumbo. Ninakaza tumbo hadi mishipa ya shingo inasimama, na bado haisikiki. Nimekunywa yai bichi na asali, nimetafuna tangawizi, nimesukutua maji ya chumvi. Dada mmoja wa korali anasema koo ni kama mguu wa mcheza mpira, likizoea kazi ngumu litakomaa, kwa hiyo kila usiku ninapiga kelele ndani ya mto. Nifanye zoezi gani koo lipate nguvu?»

Yambo, Mama Mwalimu. Kabla ya mengine yote: kuanzia usiku wa leo mto uwe wa kulalia tu. Kelele zile, baada ya kutwa nzima ya kufundisha, ni mzigo unaoongezwa juu ya punda aliyekwisha kupiga magoti.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Naona unaogopa kwamba ulizaliwa na koo dhaifu, na kwamba usipolikomaza utapoteza nafasi yako katika korali, pengine hata darasa lenyewe. Mimi siamini kwamba koo lako ni dhaifu. Mwenye koo dhaifu asingefundisha watoto 64 tangu asubuhi kisha akasimama jioni kuimba sauti ya kwanza. Ushahidi umeutoa wewe mwenyewe: shule ilipofungwa, sauti ilikuwa nzima. Kilichobadilika Septemba ni kazi unayoipa na namna unavyoifanya. Nitakupa mazoezi uliyoyaomba, ila yatakushangaza, kwa sababu yote yanakufundisha kutumia nguvu kidogo kuliko unayoitumia sasa.

Ili uniamini, inabidi ujue kinachotokea huko ndani. Gusa shingo yako mbele, pale panapopanda na kushuka ukimeza mate. Ndani yake kuna nyuzi mbili za nyama laini, na kwa mwanamke urefu wake ni kama sentimita moja na nusu tu. Ukivuta pumzi zinaachana. Ukitaka kusema zinakaribiana, na hewa inayotoka mapafuni inapita katikati na kuzitikisa, kama midomo ya mtoto anayeiga mlio wa gari. Katika mazungumzo ya kawaida, nyuzi za mwanamke zinagongana karibu mara 200 kwa sekunde. Piga hesabu ya saa moja ya sauti isiyokatika: ni mara 720,000. Ukipanda kwenye noti ya «la» ya juu ya sauti ya kwanza, zinagongana mara 880 kwa sekunde moja. Sasa fikiria kila mgongano huo ukiwa wa kubamiza badala ya kugusana. Tofauti kati ya sauti inayodumu miaka 40 na sauti inayoisha Alhamisi iko hapo.

Sauti inayozaliwa kwenye nyuzi hizo ni ndogo mno. Chukua gitaa, ondoa boksi lake, ubakize nyuzi peke yake: utasikia kitu kama mbu. Anayeikuza ni boksi. Kwa mwanadamu, boksi ni koo lenyewe juu ya nyuzi, pamoja na kinywa, ulimi na midomo. Umbo la nafasi hiyo ndilo linaloamua sehemu gani ya sauti ikue na ipi ife. Na sikio la mtu halisikii sauti zote sawasawa. Linasikia kwa ukali zaidi kati ya mitikisiko 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Mtaalamu wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza katika miaka ya 1970 jinsi mwimbaji wa opera anavyosikika juu ya okestra nzima bila mikro. Nguvu ya sauti yake inakusanyika karibu na mitikisiko 3,000, mahali ambapo okestra ina sauti kidogo, kwa sababu ya jinsi anavyopanga koo na kinywa. Hawashindi tarumbeta kwa kelele. Wanapita mlango ambao tarumbeta haiuzibi.

Sasa tuje kwenye kusukuma, maana hapa ndipo ulipo msiba wako. Nyuzi za sauti hazikuumbwa kwanza kwa ajili ya kuimba. Kazi yake ya kwanza ni mlango: zinalinda mapafu maji na chakula visiingie, na zinafunga hewa kifuani unapoinua kitu kizito. Inua gunia la makaa, utajisikia ukizuia pumzi na kutoa ule mguno wa «hmm». Hapo nyuzi zimebanana kwa nguvu zote ili kifua kiwe kigumu. Basi ukisimama kanisani ukakaza tumbo hadi mishipa ya shingo isimame, mwili hauwezi kujua kama ni Gloria au ni gunia. Unafanya ulichozoea: unafunga mlango. Hewa inasukuma kutoka chini, nyuzi zinabana kuizuia, unasikia sauti imenyongwa, unasukuma zaidi, nazo zinabana zaidi. Noti za juu ndizo zinazokufa kwanza, kwa sababu zinahitaji nyuzi zivutwe ziwe ndefu na nyembamba, na nyuzi iliyobanwa inakuwa nene. Unaidai iwe nene na nyembamba kwa wakati mmoja.

Kisha zinavimba. Uvimbe mdogo tu unazifanya nzito, na kilicho kizito kinahitaji hewa nyingi zaidi ili kitikisike, kwa hiyo unasukuma tena. Ndiyo maana asubuhi sauti iko na saa sita inakwaruza: usiku zilipumzika, uvimbe ukashuka, mchana umeurudisha.

Dada yako wa korali anakupenda, lakini mfano wake wa mguu haufai. Mguu ni msuli. Ukiupa kazi na kuupumzisha unanenepa na kupata nguvu. Lakini sehemu ya nyuzi inayogongana si msuli. Ni ngozi nyembamba yenye unyevu, laini kama ndani ya shavu. Ngozi inayosuguliwa kila siku inafanya nini? Tazama kiganja cha mkulima: inaota sugu. Kwenye kiganja sugu ni msaada. Kwenye nyuzi za sauti sugu ni vinundu, kimoja kila upande, mahali zinapogongana zaidi, na kwa sababu yake nyuzi hazifungi tena vizuri. Hewa inavuja, sauti inakuwa na upepo na mikwaruzo. Kwa hiyo Mama, koo lililokomaa kwa maana aliyokuambia ndilo koo lenye ugonjwa. Waalimu na waimbaji, hasa wanawake, ndio ninaowaona nalo mara nyingi.

Maestro naye sitaki umkasirikie, kwa sababu maneno yake yana ukweli ndani. Tumbo lina kazi, ila si ya kusukuma. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo ni msuli wa kuvutia hewa ndani, hakina kazi ya kuitoa. Ukiisha kuvuta pumzi ya kutosha, mbavu zimepanuka na zinataka kuanguka, na hewa inataka kutoka yote mara moja. Ufundi wa mwimbaji ni kuizuia isimwagike: kuacha mbavu wazi kidogo na kuliacha tumbo lirudi polepole. Ni kama kumimina mafuta kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Anayeinamisha kopo kwa nguvu anamwaga nje. Wazee wanasema nguvu ya mamba ni maji. Ya mwimbaji ni hewa inayotoka kwa utulivu, na mamba mwenyewe hapigani na maji yake.

Ya yai bichi na wenzake nitayapitia haraka. Chochote unachomeza kinapita njia ya chakula, nyuma ya njia ya hewa, na wakati wa kumeza njia ya hewa inafungwa. Kama yai lingegusa nyuzi zako ungekohoa mpaka machozi yatoke. Yai bichi linaweza pia kubeba vijidudu vya salmonela, liache. Asali inatuliza koo la juu na kikohozi, haina ubaya. Maji ya chumvi vilevile yanaishia juu. Tangawizi nyingi, pilipili, na bukari (ugali) ya saa tatu usiku baada ya mazoezi, kisha kulala papo hapo, kwa watu wengine zinapandisha asidi ya tumbo hadi kooni, na hiyo inachoma nyuzi kimya kimya. Acha saa mbili au tatu kati ya chakula na kitanda. Kinachosaidia kweli ni maji ya kawaida, na hayo nayo yanafika kwenye nyuzi kwa kupitia damu, si kwa kuteremka juu yake. Kwa hiyo anza kuyanywa asubuhi. Chupa moja dakika tano kabla ya misa imechelewa. Mwezi huu wa Oktoba, vumbi la kiangazi likiwa bado hewani na mvua haijaanza, unayahitaji kuliko wakati mwingine. Na ubao ufutwe kwa kitambaa kilicholowa, ili vumbi la chaki lisiongezeke juu ya hilo. Kitu kimoja zaidi: usinong'one kwa kudhani unapumzisha sauti. Mnong'ono wa kulazimisha unabana koo pia. Sema polepole kwa sauti ndogo ya kawaida, au nyamaza.

Zoezi la kwanza linahitaji chupa na mrija wa soda. Jaza chupa maji nusu, tumbukiza ncha ya mrija sentimita mbili au tatu ndani ya maji, funga midomo vizuri, kisha toa sauti ya «uuu» kupitia mrija mpaka maji yachemke. Shavu, taya na shingo ziwe zimelegea. Shuka na kupanda polepole kama king'ora, bila kufika mahali panapouma au panapokwaruza. Maji yanarudisha msukumo mdogo wa hewa juu ya nyuzi, na msukumo huo unazisaidia zitikisike zikigusana kidogo tu, bila kubamizana. Mtafiti wa Marekani Ingo Titze ameeleza kwa kina zoezi la mrija, na mimi silifundishi kwa sababu ya jina lake, nalifundisha kwa sababu nimewaona waalimu wengi wakishangaa kwamba noti iliyokuwa imefungwa tangu Jumatatu imetoka kwenye mrija bila jasho. Dakika tano asubuhi, dakika mbili wakati wa mapumziko ya saa nne, dakika tano kabla ya korali na tatu baada yake. Ukikosa mrija, midomo ya «brrr» inafanya kazi inayofanana.

La pili ni la pumzi. Vuta hewa bila kuinua mabega, toa «sss» nyembamba na sawasawa kama sekunde 15. Ikitetemeka au ikitoka kwa kishindo mwanzoni, umesukuma. Rudia kwa upole zaidi. Usitafute kufika sekunde 40. Hakuna anayekupa zawadi.

La tatu ni kipimo. Kila asubuhi imba mstari mmoja unaoujua, juu, lakini kwa sauti ndogo kabisa, kama unamlaza mtoto. Sauti ya juu na ndogo haidanganyi. Ikianza mara moja, nyuzi ziko sawa. Ikichelewa, ikitoka hewa kwanza halafu sauti, zimevimba, na siku hiyo unapunguza kazi hata kama unajisikia mzima. Wengi wananiambia: lakini Daktari, nikipaza inatoka! Ndiyo, inatoka kwa sababu umeisukuma juu ya uvimbe.

Mazoezi haya hayatafua dafu kama darasa linakula yote unayojenga. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 kitu ambacho kila mwalimu anakijua mwilini: mtu akiwa ndani ya kelele anapaza sauti bila kuamua. Watoto wakipaza, unapaza. Ukipaza, wanapaza zaidi. Mvua ikianza kupiga mabati Novemba hakuna koo litakaloishinda, kwa hiyo usishindane nayo. Mvua kubwa iwe saa ya kuandika, kuchora, kunakili ubaoni. Kuwaita watoto, tumia makofi yenye mpigo, wao waitikie kwa makofi. Wakiisha kunyamaza ndipo useme. Na sogea. Mahali pa wazi, mtu aliye mita 2 kutoka kwako anapata nguvu ya sauti mara 16 ya yule aliye mita 8. Darasani kuta zinarudisha sauti, kwa hiyo tofauti ni ndogo kuliko hiyo, lakini ipo. Kutembea kati ya madawati kunakupa nguvu ambayo tumbo lako halitaweza kukupa kamwe.

Kwa upande wa korali, unaniuliza bila kuuliza kama uache. Kuacha kabisa kuna faida na hasara. Ukiweza kupata siku kadhaa za kimya, uvimbe utashuka, lakini ukirudi na namna ileile ya kuimba utarudi ulipokuwa. Na najua kufundisha huwezi kuacha. Mshahara haungoji koo. Ningekushauri hivi: majuma mawili uhudhurie, uimbe nusu sauti, noti za juu uziachie wenzako, au uimbe sauti ya pili ikiwa inakaa kwako bila kulazimisha. Nyimbo zikiwa na ngoma, kinanda na grupe (jenereta) inayonguruma nje, weka kiganja nyuma ya sikio moja ili ujisikie. Waimbaji wengi wanasukuma kwa sababu tu hawajisikii. Kama parokia ina bafle (spika), moja igeuzwe kuelekea korali. Sauti yako si ndogo, Mama. Imezibwa.

Kuna njia moja ambayo utaelekezwa na watu wenye nia njema: sindano kabla ya tamasha, ya zile dawa za kushusha uvimbe haraka. Daktari aliyeziona nyuzi zako anaweza kuamua kuitumia mara moja kwa sababu maalumu. Kuinunua na kudungwa bila kuonwa ni hatari, kwa sababu sauti inarudi wakati jeraha bado lipo, unaimba juu yake, na unaweza kupasua mshipa wa damu ndani ya uzi. Antibiotiki nazo usijinunulie. Mara nyingi koo linalokauka kwa mafua linatokana na virusi, na la kwako linaonekana kutokana na kazi.

Naandika «linaonekana», kwa sababu mimi sijaona nyuzi zako, na hakuna barua inayoweza kuziona. Sauti iliyokwaruza zaidi ya majuma matatu inatakiwa ikaguliwe, na wewe una saba. Tafuta daktari wa masikio, pua na koo, yule tunayemwita ORL. Uliza katika hospitali kubwa za mji, kama Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Ukaguzi wenyewe hautishi. Mwaka 1854 mwalimu wa kuimba Mhispania, Manuel García, aliziona nyuzi zake mwenyewe kwa kioo kidogo cha daktari wa meno na kioo kingine kilichomrudishia mwanga wa jua, na mpaka leo kioo cha namna hiyo kinatumika mahali pasipo na kamera. Unatoa ulimi, unasema «eee», imekwisha. Kama ni uvimbe tu au vinundu vichanga, mara nyingi vinaondoka kwa kubadilisha namna ya kutumia sauti, bila kisu. Usiende ukiogopa upasuaji.

Usingoje miadi kama sauti imekatika ghafla katikati ya wimbo au ya kupiga kelele: nyamaza kabisa siku hiyohiyo na uende. Vilevile ukitema damu, ukimeza kwa shida, ukiona uvimbe shingoni, au maumivu yakipanda sikioni. Pumzi ikianza kupiga mluzi au kuwa ngumu, hiyo ni ya kukimbilia hospitali usiku uleule. Na kama pamoja na sauti una kikohozi cha majuma mawili, jasho la usiku au unakonda, omba upimwe kifua kikuu. Kinaweza kukaa kwenye nyuzi za sauti, kinaambukiza, na wewe uko chumba kimoja na watoto 64. Dawa zake katika nchi yetu zinatolewa bure.

Kwa ORL peleka maelezo kama uliyoniandikia, yalikuwa mazuri: lini ilianza, saa ngapi inaharibika, noti zipi zinakufa. Na Alhamisi hii, kabla mazoezi hayajaanza, mwombe maestro dakika kumi ili korali nzima ipige mrija kwenye chupa pamoja nawe, maana sidhani kama ni wewe peke yako unayesukuma. Ukisha kuonwa, uniandikie daktari amekuta nini.